Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Kila asubuhi nilimwamkia bibi yangu mara mbili. Mara ya kwanza jikoni kwake, akiwa amejifunga kanga na moshi unamtoa machozi: shikamoo bibi. Mara ya pili darasani, akiwa na gauni la kazi na chaki mkononi, mimi nimesimama na wenzangu wa darasa la kwanza: shikamoo mwalimu. Marahaba ya nyumbani ilikuja na kikombe cha uji wa uwele. Marahaba ya shuleni ilikuja na "kaeni", na ole wako uliyeburuta dawati.

Kutoka jikoni hadi darasani hapakuwa mbali. Nyumba yake pale Ilongero ilitenganishwa na uwanja wa shule na ua wa minyaa tu, na ua huo ndio uliokuwa mpaka wetu. Ndani ya minyaa tuliongea Kinyaturu, nilimdekea, na yeye aliniita mke mwenza na kunilaumu kwamba nimemwibia mume, ingawa babu alifariki kabla sijaota meno. Nje ya minyaa kulikuwa na Kiswahili na mwalimu. Siku moja nilijisahau nikamwita bibi mbele ya darasa. Akageuka huku na huku akitafuta.

"Bibi yupi? Mimi hapa simwoni bibi."

Darasa zima likaangua kicheko. Sikurudia tena.

Mama yangu alikuwa na kazi Manyoni, ndiyo maana nililelewa Ilongero. Watu huniuliza kama niliona upweke. Upweke ungepitia wapi, nyumba ambayo kila mpita njia lazima asimame kumsalimu mwalimu na kuulizwa kwa nini mtoto wake jana hakuja shule? Bibi alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, kila mmoja akataka kumpandisha madarasa ya juu, na kila mmoja akakataliwa. Alisema mtoto wa darasa la saba ana macho, atasoma mwenyewe. Anayehitaji mwalimu ni yule asiyejua kalamu inashikwa wapi.

Madaftari yalikuwa ya shida, kwa hiyo kila mtoto wa darasa la kwanza alikuja na ungo mdogo kutoka kwao, ungo mkuukuu uliozibwa matundu kwa samadi ya ng'ombe. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kwenda korongoni kuchota mchanga laini. Tuliuchekecha, tukautandaza kwenye ungo, tukaandika herufi kwa kidole. Ukikosea unatikisa ungo kidogo, mchanga unalala sawa, unaanza upya.

"Mchanga haukasiriki," alituambia.

Kukasirika alijiachia mwenyewe.

Mimi ni mashoto. Nilipeleka kidole cha kushoto kwenye mchanga bila kujua kwamba nina kosa. Nyumbani nilikwisha kugombezwa kuhusu kula na kupokea vitu, na hilo nililielewa: mkono wa kushoto una kazi yake ya chooni, hauingizwi kwenye bakuli la watu, wala humpi mtu mzima kitu kwa mkono huo. Lakini kuandika nilidhani ni jambo lingine, maana mchanga hauliwi. Mwalimu akatoa kwenye mkoba kipande cha kanga kuukuu, akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto, na ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa dawati. Hakuwa na hasira alipofunga. Alifunga mashoto wote hivyo hivyo, kila mwaka, na wazazi walimshukuru. Fundo lake halikuumiza, nikiri hilo. Kilichoumiza ni kumwona bibi aliyenipa uji asubuhi akinifunga kama mbuzi, kisha akaendelea na "a, e, i, o, u".

Herufi zangu za kushoto zilikuwa na tabia ya kugeuka, zinaangalia nyuma badala ya mbele. Kwa hizo nilichapwa viganja kila nilipochomoa mkono kwenye fundo. Kwa hiyo nikahamia kulia, na mpaka leo naandika kwa kulia, mwandiko wa kuku aliyekurupushwa. Lakini mimi ni fundi cherehani, na mkasi naushika kwa kushoto, kwa sababu nilipokutana na mkasi hapakuwa na mtu wa kunifunga. Wateja wangu wa Mwankoko, kule mjini, wamezoea. Wageni hushtuka kidogo, halafu wakiona gauni limekaa, wananyamaza.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu hakulijua. Jioni, nikitumwa kuokota kuni, nilikuwa najificha nyuma ya minyaa na kuandika ardhini kwa kijiti, kwa mkono wa kushoto. Huko niligundua mwenyewe kwamba nikikaa upande, yaani nikiuacha mkono ulivyo na kuugeuza mwili, herufi zinatazama mbele zote. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Bibi alistaafu, akabaki pale pale nyuma ya minyaa, akalima alizeti na kufuga kuku. Kengele ya shule iliendelea kumpangia siku. Ikigongwa ya mapumziko anakunywa chai, ikigongwa ya kwenda nyumbani anasimama mlangoni kuwaangalia watoto wakipita, na asiyechomekea shati anarudishwa.

Kisha kiharusi kikampiga, mvua zikiwa zinaisha na alizeti zimeinamisha vichwa. Upande wa kulia ukapooza. Maneno yalirudi baada ya siku chache, mazito lakini yanaeleweka. Mguu nao ulirudi kidogo, wa kuburuza. Mkono haukurudi.

Siku ya kutoka hospitalini kulikuwa na karatasi ya kusaini. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole, alimwamkia vizuri, akamwona mkono ulivyolala mapajani, akasema, "Usijali bibi." Akauinua mkono ule, akakandamiza dole gumba kwenye kibweta cha wino, kisha kwenye karatasi. Ilikwisha kabla hatujajua kinachofanyika. Bibi alilitazama lile dole gumba la zambarau kama mtu anayetazama kidonda. Garini alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mwanawe.

Ili uelewe kilio hicho lazima ujue alianza vipi kazi. Alipokuwa msichana, jioni baada ya watoto kutoka, alifundisha kisomo cha watu wazima. Wakulima walikuja na majembe mabegani, wanawake na watoto migongoni, watu ambao kila karatasi ya maisha yao waliiwekea dole gumba. Yeye aliwafundisha kuandika majina yao. Alinisimulia mzee mmoja aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza kwenye ungo akakataa kuutikisa, akaubeba kichwani mpaka kwake, polepole, ili mkewe aone. Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote. "Nimewatoa watu kwenye dole gumba," alikuwa akisema, na akisema hivyo alikaa wima.

Tulitaka akae mjini kwangu. Alikubali kwa siku chache, halafu akauliza kwa nini Mwankoko hakuna kengele. Nikafunga cherehani yangu kwenye bodaboda, nikahamia Ilongero mpaka hapo atakapopata nguvu. Nilishonea barazani, yeye ameketi kwenye kiti chake, upepo wa kiangazi unatujaza vumbi sote wawili.

Huko ndiko mwalimu mkuu alipotukuta. Ni mtu wa makamo sasa, ana kitambi na miwani, na alipita kwenye ungo wa bibi yeye na wadogo zake wote. Alivua kofia tangu kwenye minyaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kola yako imepinda."

Akainyoosha. Akasema kamati ya shule imekaa, na mahafali ya darasa la saba mwaka huu wanaomba yeye awe mgeni rasmi. Miaka yote wanaalika wakubwa kutoka mjini, wanakuja wamechelewa na kuondoka kabla ya chakula. Sasa wanamtaka mwalimu wao. Niliona uso wake unang'aa, halafu ukakunjamana. Akamwambia arudi baada ya misa ya Jumapili kuchukua jibu.

Alipoondoka nikauliza, "Kwa nini hukumjibu? Si unataka?"

"Nataka sana," akasema. "Mgeni rasmi huanzia wapi?"

Nilijua. Mgeni rasmi huanzia ofisini kwa mwalimu mkuu, mbele ya walimu na kamati, na jambo la kwanza anasaini kitabu cha wageni.

"Unafikiri nitakwenda kuweka dole gumba kwenye shule ile? Mbele ya watu niliowafundisha kuandika? Bora waseme nimekufa."

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mshono wa ovyo, ikabidi niufumue. Jumapili asubuhi, kabla mwalimu mkuu hajafika, nilichukua ungo jikoni, nikaenda korongoni, nikarudi na mchanga. Nikauweka mapajani mwake.

Akautazama, akanitazama.

"Unanirudisha darasa la kwanza?"

"Mkono wa kushoto mzima," nikasema. "Hauna hata homa."

"Huo si mkono wa kuandikia."

"Basi mwambie mwalimu mkuu amwalike mtu wa mjini."

Kumjibu hivyo nilipata ujasiri kwa sababu tulikuwa ndani ya minyaa. Akausawazisha mchanga kwa kiganja cha kushoto. Kisha, kwa Kiswahili, kile cha upande wa pili wa ua, akasema, "Haya, mwalimu. Naomba kwanza ruhusa niende nje."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Halafu nikamshika mkono nikampeleka, maana kweli alihitaji kwenda.

Mwalimu mkuu alipokuja akaambiwa ndiyo.

Tulifanya hivyo kiangazi kizima. Asubuhi nilipukuchua alizeti, mchana nilishona, na jua likipungua tunashika ungo. Bibi alikuwa mwanafunzi mbaya. Alikuwa na haraka, alinilaumu mimi, alilaumu mchanga, alisema ungo huu si wa kufundishia. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umekaa kando maisha yake yote ukisubiri kushika sufuria upande wa pili, haukujua hata namna ya kunyoosha kidole kimoja na kukunja vingine. Na alikataa sahihi ya kukoroga. Nilimwambia watu wote siku hizi wanakoroga. Akasema sahihi ya kukoroga ni ya watu wenye la kuficha, yeye ataandika majina yake yote mawili yasomeke.

Jioni moja, baada ya kuinamia ungo muda mrefu, aliinua kidole akasema, "Hiyo hapo." Nikaenda kuangalia. Alikuwa ameandika neno zima, kwa mara ya kwanza, na herufi zake zote zilikuwa zimegeuka. Zilitazama nyuma.

Hakuhitaji kuambiwa. Mtu aliyesahihisha herufi maisha yake yote anaona. Alitazama ungo, kisha mkono wangu wa kushoto uliokuwa bado umeshika mkasi.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unaandika wewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuchapa."

"Ndiyo, bibi."

Upepo ulipita. Akasema, "Tikisa."

Nikatikisa ungo, mchanga ukalala. Siku hiyo hatukuandika tena. Nilipika mlenda na ugali wa mtama, akala kwa mkono wa kushoto kwa kijiko, kama alivyokuwa anakula tangu hospitalini, bila kunitazama. Nilikuwa mtu mzima, fundi, mama wa watoto, lakini nilikuwa na hasira ya mtoto wa darasa la kwanza ambayo sikujua kama ipo.

Kesho yake nilihamia kwenye karatasi. Nikamwonyesha siri yangu ya nyuma ya minyaa: usiupinde mkono kuifuata karatasi, ilaze karatasi upande, uuache mkono upite njia yake. Akajaribu. Herufi ya kwanza ikatazama mbele. Ya pili pia.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Sikufundishwa."

"Lini?"

"Nikienda kuokota kuni."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana kuni zilikuwa zinachelewa."

Siku ya mahafali ilikuwa ya vumbi, turubai zinapigwa na upepo na spika imeletwa kutoka mjini. Kutoka nyumbani hadi shule ni kuvuka ua, lakini mwalimu mkuu alileta bajaji, na bibi akapanda kwa heshima zote, tukazunguka njia ya magari ili tu apate kuingilia lango kuu. Alivaa gauni nililomshonea, la kitenge cha bluu. Ofisini walimu walisimama wote. Kitabu cha wageni kilikuwa kimefunguliwa mezani, na pembeni yake mwalimu mkuu, kwa wema wake, alikuwa ameandaa kibweta cha wino.

Bibi alikiona.

"Hicho kirudishe kabatini."

Kikarudishwa haraka, mwalimu mkuu mwenyewe akakifungia. Bibi akaketi. Akakilaza kitabu upande. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na nikasikia mjumbe mmoja wa kamati akivuta pumzi. Aliandika kwa muda mrefu. Nje watoto walimaliza wimbo wa kumkaribisha mgeni, wakaambiwa waanze tena. Alipoinua kalamu, majina yake mawili yalikuwa pale, makubwa, yanapanda mlima kidogo, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza anayejitahidi. Yalisomeka. Alinitazama kama wanafunzi wake walivyokuwa wakimtazama yeye, akisubiri. Nikasema, "Vizuri sana." Nilikuwa na machozi na sikuyaficha.

Vyeti vilikuwa jambo la pili. Kumpa mtoto cheti kwa mkono wa kushoto mbele ya wazazi wake aliona ni kumtukana, na hapo hakutaka kusikia. Tulikubaliana hivi: mimi nasimama nyuma yake, nauinua mkono wake wa kulia kwa kuushikilia chini ya kiwiko, naweka cheti juu ya kiganja, mtoto anapokea. Ulikuwa mkono mzito, wa baridi. Tuliwapa watoto wengi hivyo. Kila mmoja aliinama, akapokea kwa kulia, akapigiwa makofi.

Kisha akaja msichana mwembamba, sketi imemzidi. Alinyoosha mkono wa kushoto. Haukupita muda, akashtuka, akaurudisha nyuma ya mgongo kana kwamba umeungua, akautoa wa kulia, na akainamisha uso kungoja kugombezwa. Bibi aliyaona yote. Alikuwa ameyaona maisha yake yote, na kila mara alijua la kufanya.

Akakichukua cheti kutoka kwenye kiganja chake cha kulia nilichokishika mimi. Akakitoa kwa mkono wa kushoto.

"Pokea kwa huo huo," akasema.

Msichana hakuelewa. Bibi akarudia, kwa sauti ya darasani, na kipaza sauti kikaisambaza uwanja mzima. Wazee wa mstari wa mbele walikohoa. Makofi yalichelewa, yakaja ya watoto kwanza. Msichana akautoa mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akapokea, akakimbia. Vyeti vilivyobaki bibi alivitoa kwa kushoto vyote.

Kwenye bajaji, tukirudi, aliweka mkono wake juu ya mkono wangu wa kushoto. Akaongea Kinyaturu.

"Nilikuonea, mke mwenza."

"Nilishasahau."

"Muongo."

Kweli nilikuwa muongo. Lakini tangu siku ile nilianza kusahau.

Alifariki mvua zilizofuata, alfajiri, usingizini, alizeti zikiwa bado fupi. Shule ilifungwa na watoto wakapanga mstari kutoka kwenye minyaa hadi kaburini. Padri alipomaliza, wanafamilia tulianza kurusha udongo, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliinama nikachota kwa kushoto. Mama mkubwa, binti yake wa kwanza, akanigusa begani na kuninong'oneza kwa ukali, "Mkono wa kulia, mwanangu. Huyo ni mama."

Nikaurusha udongo kwa mkono ule ule.

"Mwalimu ameruhusu," nikamwambia.